Jiko la Zaynura na Zamu ya Maji

Kijiji cha Sangdara,
Bonde la Bartang,
Tajikistan.
19 Mei

Mpendwa mdogo wangu Imomnazar,

Ya Ali Madad. Kifua kimepoa? Mara ya mwisho ulipopiga simu ulikuwa unakohoa kila neno la tatu, na Mama hakugusa chakula siku nzima. Kunywa maziwa ya moto, vaa kofia, usinifanye nikugombeze kama mtoto na mvi unazo.

Sisi wazima, tunashukuru. Miguu ya Mama ni ileile, lakini mdomo wake una nguvu za watu wawili. Mimi nimechoka, Imomnazar. Siumwi popote, nimechoka tu, uchovu wa kuamka nao. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu wewe una haraka na mimi nasahau. Olim jirani anakuja huko Urusi kutafuta kazi, atakuletea barua hii.

Jiko letu la zamani lilitoboka tumbo mwezi wa pili. Jirani yetu Zaynura alikuwa anahamia mjini kwa binti yake, akaniachia lake kwa gunia la viazi na debe la aprikoti kavu. Ni la chuma, lina umri mkubwa kunizidi. Mlango wa oveni hauna bawaba, naukaza kwa jiwe la mtoni. Upande wa kushoto unaunguza, wa kulia mkate unabaki mbichi. Siku ya kwanza lilitoa moshi tukakimbilia nje, mimi nikimburuta Mama na godoro lake. Kumbe ndege alishajenga kwenye bomba. Mama alipomaliza kukohoa akasema, "Jiko hili kama baba yenu. Haliwaki mpaka ulitukane."

Sasa sikiliza hili la maji. Mwezi wa nne mlima ulishusha tope na mawe, mfereji ukafukiwa wote. Desturi unaijua: nyumba itoe mtu wa kuchimba, au ilishe wachimbaji siku nzima. Isiyofanya lolote hupata maji mwisho, yakibaki. Mwaka juzi yalibaki matope, na viazi vyetu vikawa vidogo kama njugu.

Qadamsho, msimamizi wa mfereji, alikuja mpaka mlangoni. "Dada Davlatmo, nyumba yako haina mwanamume. Lete chai tu, usijitese."

"Chai ndiyo itanipa zamu ya maji?"

Akageuka aondoke.

"Basi nitawalisha," nikamwambia. "Wangapi?"

"Ishirini na wawili. Utawapikia kwenye nini, kwenye lile gofu la Zaynura?"

"Njoo na bakuli lako, utajua."

Alipoondoka nikaanza kuhesabu akiba. Ndani tulikuwa na dengu zetu, unga wa ngano wa mwaka jana, vitunguu, viazi vya mwisho na maziwa ya mgando niliyoyakausha vuli. Mama alichagua dengu toka alfajiri, akizitupa mbovu kwa hasira utadhani zilimkosea. Mimi nikasukuma tambi nikazikata kwa kisu mpaka vidole vikafa ganzi. Nilizipika na dengu katika masufuria mawili, na mikate nikaioka minne minne, nikiigeuza kila mara ili ule upande wa kushoto usiiunguze. Lile jiwe likateleza, mlango ukaniangukia mkononi. Alama utaiona. Sikulia. Hata nafasi ya kulia sikuwa nayo.

Saa sita nikateremsha chakula mferejini juu ya mgongo wa punda. Wachimbaji walikula wameketi juu ya mawe, tope mpaka magotini. Olim akainua bakuli lake akanionyesha: "Dada, hili limetoboka. Mbona chakula kimeisha?" Nikamjazia. Qadamsho alijaziwa mara tatu. Mimi nilirudi nyumbani, nikalala na viatu miguuni.

Siku nane baadaye maji yakafika. Tulisimama wote penye lango la mfereji, Qadamsho akiita zamu. Akaita, "Nyumba ya Imomnazar!"

Sikusogea. Akaita tena, akinikodolea macho.

Nikasema, "Imomnazar yuko Urusi mwaka wa saba huu. Mwite kwa nguvu, labda atasikia."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akakohoa, kisha akaita kwa sauti ileile ya kuitia wanaume: "Davlatmo binti Saidmir!"

Nikachukua jembe nikafungua maji. Yaliingia shambani ya kahawia, baridi, na mimi nikasimama ndani yake bila kuvua viatu.

Ndugu yangu, sikukuomba ruhusa na sitaki nikudanganye kwamba nilisahau. Shamba ni letu sote. Zamu imeandikwa kwa jina langu, na sitaibadilisha. Ukikasirika, kasirika, halafu urudi. Ukirudi utaomba maji kwangu, na mimi nitakupa.

Nisalimie wifi Mavluda, na binti yenu Ruqiya mbusu kwenye paji la uso. Mama anakuombea ulale pakavu na uamke na nguvu. Shangazi Oshurmo anauliza kama umenenepa. Mola akulinde barabarani na kazini.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amechoka,

Davlatmo