Mistari Arobaini ya Kabati la Mama

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi maktaba ya mama. Ni ya mtaa, kusema kweli, lakini kwa miaka thelathini na moja aliyoitunza nani aliiita vingine? Kiti chake bado kina ule mto wa kijani. Nilipoketi nikasikia harufu ya gundi – nikawa na miaka tisa tena.

Nimeombwa niingize kabati lake kwenye kompyuta. Vitabu arobaini, kadi arobaini, na nyuma ya kila kadi maneno yake ya mkono: kitabu kinamfaa nani. “Kwa aliyefiwa.” “Asipewe mwenye haraka.” Mama na vituko vyake!

Jumanne, 5 Machi

Fomu imekamilika. Ukurasa mmoja, mistari arobaini, kila kitabu na kisanduku chake cha maelezo. Chini kabisa kitufe kimoja: Hifadhi. Karani ndiye anayeandika maneno ya kadi. Mimi nimeshindwa. Mwandiko ule unaniumiza.

Mama aliniita Fundi tangu siku nilipoifungua redio yake, nikairudisha, nikabaki na skrubu tatu mkononi. Hakunichapa. Alinipa kitabu cha redio, akasema nisome kwanza ndipo nifungue. Nilifika nusu, nikahamia mbali kwa kazi. Nitakimaliza likizo, nilimwambia. Likizo gani? Miaka kumi na moja – nikaja kuzika.

Jumatano, 6 Machi

Mungu wangu, mimi wa kufanya hivi?

Karani kabonyeza Hifadhi saa nne. Mistari yote arobaini ikawa na maneno yaleyale! Nilisahau kuiambia programu kwamba maneno ya kila kisanduku yaende kwa namba ya kitabu chake tu. Basi kila kisanduku kikaandika juu ya vitabu vyote, na cha arobaini, kwa kuwa cha mwisho, kikawafuta wenzake. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Nikamwambia alete kadi tuandike upya. Akatazama sakafu. Asubuhi alizitoa pamoja na magazeti ya zamani, zikachukuliwa na mzee wa karatasi chakavu. Alidhani zimeshaingia. Simlaumu.

Ndipo nikayasoma yale maneno kwenye skrini, mara arobaini, toka juu hadi chini:

“Kisiazimwe. Fundi wangu atarudi kukimaliza.”

Nimelia mbele ya watu. Wacha waone.

Alhamisi, 7 Machi

Ghala la karatasi. Magunia tisa. Mimi na karani magoti chini tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye kope. Mzee wa karatasi kwanza alitucheka. Alipojua ni za mama, akaketi na gunia lake. Mama alimwazima kitabu mwaka aliofiwa na mkewe, anasema, na hakumuuliza lini atakirudisha.

Tumepata kadi thelathini na nane, na ile ya arobaini imo. Mbili zimekwenda na maji.

Ijumaa, 8 Machi

Fomu nimeirekebisha. Nimeijaribu kwa mistari miwili kwanza – aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kisha yote. Kila neno limeenda kwake. Mistari ya zile kadi mbili zilizopotea imebaki mitupu; wa arobaini nimeuacha mtupu mwenyewe.

Na leo hii kaja mwalimu wa ufundi! Anakitaka kitabu cha redio kwa wanafunzi wake, kwingine amekikosa. Karani akamwelekeza kwangu.

“Dada, hiki kinaazimwa au hakiazimwi?”

Nimemwomba akae kidogo. Kakaa. Anadhani najaza fomu, kumbe naandika haya. Kitabu kiko mapajani, nimekifungua pale nilipoishia. Uzi mwekundu wa mama bado umo. Zimebaki kurasa sitini na mbili, kisha kadi ya mama haitakizuia tena. Nimeshasoma tatu, polepole, makusudi –