Gauni Lililogeuzwa

Mwezi Mdogo, siku ya tatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, na nina habari ya kukurusha kitini: Malkia amenifanya fundi mkuu wa mavazi kasrini. Mwanao! Nashona mikono ya kubana ya watu wa bondeni na kosi ndefu hadi masikioni.

Ila usije kwanza. Sisi wa milimani hapa kazi yetu ni kufagia tu, na mimi nilisema nimezaliwa bondeni. Ukilazimika kuja, vaa hiyo nguo ya bondeni niliyokutumia.

Mwanao, Kidoti

Mwezi Mdogo, siku ya kumi

Kidoti wangu,

Marahaba, mwanangu. Mguu ni msumbufu lakini natembea. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia jirani niliyenuniana naye. Nguo yako nimeijaribu: imenikaba makwapa, nikawa kama mto uliojazwa pamba kupita kiasi.

Nakuja na gauni langu la mikono mipana, lile nililokubebea mgongoni. Siwezi kwenda kwa mwanangu nikiwa nimejificha. Mlangoni nitasema tu mimi ni mama wa fundi mkuu.

Mama

Mwezi Mkubwa, siku ya pili

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika nyumbani salama. Najua umekasirika. Mlinzi aliniuliza mbele ya mabibi wote, "Huyu unamfahamu?" Ningesema nini? Nikasema hapana, labda anatafuta kazi ya kufagia. Sikumwambia akusukume.

Ulivua gauni palepale ukabaki na shimizi, ukaligeuza ndani nje, ukalivaa, ukaenda zako. Kwetu huvaliwa hivyo msibani. Nilijua unanizika, mama. Nilijifungia chooni nikalia.

Lakini Malkia alikuona dirishani, akapenda. Mishono yote nje! Anataka kasri zima livae hivyo siku ya karamu. Nikishindwa, kuna fundi anainyemelea nafasi yangu. Mimi gauni la msiba nililiona mara moja tu, bibi alipofariki, na nilikuwa mdogo. Nieleze linavyomaliziwa. Usinikatalie, tafadhali.

Mwanao

Mwezi Mkubwa, siku ya tisa

Kwa fundi mkuu,

Salamu. Umeuliza kuhusu kufika: nilifika kwa kuchechemea, na tangu hapo mguu haukanyagi chini. Nakujibu kwa sababu kazi haina kosa.

Geuza gauni. Nyuzi zinazoning'inia usizikate, pindo liache wazi. Kisha nyuma ya ukosi, kwa uzi mweusi, shona jina la marehemu na la mama yake, herufi kubwa zisomeke kwa mbali. Hapo usiparuke. Wanawake wetu wanaofagia hapo wakiona kosi tupu watacheka, Malkia atauliza wanacheka nini, nao watamwambia.

Mimi langu nimeshalishona: Kidoti, binti wa mshonaji wa milimani. Wewe shona hivyohivyo, Malkia asome kwenye kila shingo.

Majirani wamekuja kunipa pole. Yule niliyenuniana naye ndiye aliyepika. Wameuliza ulikufa na nini, nikawaambia cheo.

Nguo ya bondeni nimempa mbwa wa jirani alalie. Usiandike tena, huku umeshazikwa.

Mama wa marehemu