Chakacha Iliyochanganywa

Same, Jumatano

Bado namkasirikia Bwana Utamaduni, ofisa utamaduni wetu. Alitazama mazoezi yetu ya ngoma, akasema chakacha yangu si halisi, nimeichanganya. Ameagiza siku ya sherehe niimbe tu jukwaani, nisicheze.

Ni kweli nimeichanganya. Kiuno nimefundishwa na Mama Zuhura, aliyetoka Tanga kuja kukata mkonge. Miguu ni ya Bibi. Kule kwetu Suji, milimani, baba alikataza ngoma, lakini Bibi akiwa peke yake jikoni alicheza za Kipare, nami nikamchungulia.

Jioni nilimwuliza Mama Zuhura kama nimeiharibu ngoma yao. Akacheka.

"Mwalimu, hiyo halisi anayoitaka haichezwi mbele ya wanaume. Kwetu ni wanawake peke yao, harusini, mlango umefungwa. Ya jukwaani yote imechanganywa, hata yangu."

"Basi funga mlango."

Akaufunga, akachukua debe tupu akalipiga kama ngoma. Nilicheza mpaka kanga ikalegea kiunoni.

"Kiuno hicho nakijua," akasema. "Miguu siijui."

Mimi pia siijui vizuri. Bibi alifariki bila kujua kwamba nilimchungulia. Jukwaa nitalisahau. Natamani angeniona mara moja tu, akaniambia nimekosea wapi.