Tairi Zinazotazama Ukingo

Jumatatu, 7 Aprili
Nimefagia uwanja, nimechota maji, nimekagua gari. Tairi za mbele zimegeuka tena. Jana niliziacha zimenyooka, usukani nimeufunga, ufunguo nimelala nao chini ya mto. Leo zinatazama ukingo wa udongo, kushoto. Mara ya nne tangu nitoke eda. Sijamwambia mtu. Mjane akianza maneno haya, ataitiwa wa kumsomea.

Jumanne, 8 Aprili
Kimara kwetu ni mteremko mtupu. Marehemu Idrisa hakuegesha hata siku moja bila kukata usukani kuelekea ukingo na kutia jiwe mbele ya tairi. "Likiteleza, lile ukingo, lisile watu."

Gari lenyewe ni basi dogo; alilitoa viti mwenyewe, akaweka kitanda, jiko na makabati. Nyumba ya kutembea. Alitaka kumpeleka mama yake Lushoto, akaone kwao kabla hajafa. Akatangulia yeye. Sasa Mama anajilaza humo kila mchana, na dereva ni mimi. Nimemwahidi.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimeliendesha hadi Mbezi. Lori likipita, gari zima linayumba, usukani unatetemeka kama mgonjwa wa homa. Na kule Lushoto kona ziko juu ya makorongo. Naogopa, basi.

Fundi Shirima, rafiki wa Idrisa, amelala chini ya gari nusu saa. Hakuna kilicholegea. Makabati ndiyo uzito. Anataka kufunga shokapu ya usukani, yenye springi, imeze mtikisiko na kurudisha tairi katikati. Nikamuuliza kiutani kama itazizuia zisijigeuze zenyewe.

"Shem, hii ikishika, hata jini ataomba poo."

Sikucheka.

Jumapili, 13 Aprili
Imefungwa. Malori mawili yamenipita na gari halikutingishika. Nimerudi naimba.

Jumatatu, 14 Aprili
Zimenyooka.

Jumanne, 15 Aprili
Zimenyooka. Nilipaswa kufurahi. Nimelia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Alhamisi, 17 Aprili
Bado zimenyooka. Maji ya bomba yametoka baada ya wiki nzima, nikajaza pipa, likaanza kuinama kwenye udongo laini. Nimechukua jiwe la Idrisa kuliegemeza. Gari lina breki ya mkono. Jiwe nitalirudisha kesho.

Ijumaa, 18 Aprili
Sikulirudisha.

Mvua imeanza baada ya swala. Naanua nguo, Mama yuko ndani ya gari, amelala na tasbihi yake. Nikasikia waya wa breki umekatika. Mlio mdogo tu. Gari likaanza kushuka, polepole, kimya. Bondeni kuna nyumba ya Mama Neema, nyuma yake korongo. Tairi zilikuwa zimenyooka, nimeziona kwa macho yangu. Nikapiga kelele: Idrisa! Sijui kwa nini yeye.

Usukani ukazunguka. Kiti kitupu. Tairi zikakata kushoto, gari likala ukingo, likasimama.

Mama katoka mzima, amenuna. "Mwambie mumeo asikate kona kwa fujo hivyo. Kaniangushia tasbihi."

Mama ana akili zake timamu. Alimlilia mwanawe arobaini nzima. Nimemshika mkono, nikamwambia nimesikia.

Jumapili, 20 Aprili
Fundi amebadilisha waya wa breki. Shokapu ni nzima, ila boliti moja imepinda, ameweka nyingine. Anasema tairi imeingia kwenye mfereji wa mvua, ikavuta usukani. Inawezekana. Lakini usukani ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nimemuuliza kuhusu kufuli. Amelitazama, ni zima. Ameomba maji ya kunywa.

Jiwe nililitoa mimi. Nisimsingizie jini wala mvua. Ningemuua Mama kwa ajili ya pipa.

Jumanne, 22 Aprili
Nimetoka kulijaribu barabarani, limetulia. Kuegesha, nimekata usukani hadi mwisho, kushoto, kwa mikono yangu. Springi inabisha kidogo. Nimefunga. Nimeweka jiwe, nikalipiga teke kuhakikisha. Mama alikuwa dirishani ananitazama.

Jumatano, 23 Aprili
Nimefagia uwanja, nimechota maji. Tairi ziko kama nilivyoziacha. Hakuna aliyezigusa.

Nimesimama pale kitambo, ufagio mkononi. Kisha nimeingia ndani kumwambia Mama afungashe. Tunaondoka Ijumaa.