Shusha Ngoma, Nipandishe Mimi

Mke mwenzangu,

Chai iko kwenye chupa. Mvua ikianza, anua nguo. Nimekwenda kumchukulia babu yako dawa.

Kitendawili! Kinywa wazi, maneno tele, sauti hakuna. Umeshindwa? Ni bibi yako kwenye hiyo video uliyotengeneza ya harusi ya shangazi yako.

Hongera, fundi. Babu yako amejaribu kuninyamazisha tangu tuoane, akashindwa. Wewe umeweza kwa kompyuta. Sahani zikigongana, zinasikika. Mjomba wako akipiga chafya, ni radi. Nikishika maikrofoni mimi, muziki unapanda.

~~Basi iache hivyo hivyo.~~ Hapana, usiiache. Asubuhi babu yako, ambaye ugonjwa ulimzuia kwenda harusini, alibandika sikio kwenye spika akaniuliza, "Mama watoto, hapo ulisema nini?" Nikamjibu, "Niliwashukuru wapishi." Uongo mtupu! Nilimwambia bibi harusi kwamba hata ningezaliwa tena, ningeolewa na baba yake yule yule.

Mbele ya ukumbi mzima nilithubutu. Mbele yake naona haya, na uzee wote huu.

Kwa hiyo uukate muziki vipande, pale ninaposimama na pale ninapokaa, ushushe kipande cha katikati tu, halafu sauti yangu uipandishe. Usiushushe muziki wote, watu bado wanacheza. Kisha mwekee babu aangalie kabla sijarudi.

Nitachelewa makusudi.

Bibi yako, bubu wa harusi