Sentensi Iliyofutwa Makindye

Dada Selina, hujambo huko nyumbani?

Niko Makindye kwa binti yangu Mercy, mvua inapiga mabati na mimi natafuna chapati iliyoviringishwa na mayai. Sebule imejaa wanafunzi wenzake wa udaktari, kila mmoja na kompyuta. Eti wanarekebisha makala za afya kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni! Watoto ambao hata mtihani wa mwisho hawajafanya! Unanijua, nikasogeza kiti niwapeleleze.

"Nani amewaruhusu?"

"Ssebo, mzee wangu, yeyote anaweza kuandika," akacheka kijana mmoja. "Hata wewe. Ila sentensi isiyo na chanzo tunaifuta."

Hata mimi, ninayechanganya ini na figo mbele ya muuza nyama! Basi ni wangapi kama mimi wameshaandika humo?

Mara Mercy akasoma kwa sauti kwenye makala ya presha: ukijisikia vizuri, unaweza kuacha dawa. "Nani kaandika upuuzi huu?" Akaifuta.

Nikaiweka chapati chini. Dada, ni sentensi ileile niliyokusomea Krismasi nikijifanya daktari, nawe ukaacha vidonge.

Simu yako haipatikani tangu jana, kwa hiyo kadi hii nampa jirani anayepanda basi leo. Ukiipata tu, nenda kliniki upimwe, na wakiuliza nani alikudanganya, taja jina langu lote. Nakupenda, na nataka nikirudi nikukute mzima, ukinicheka.

Mdogo wako, daktari aliyefutwa,
Wafula