Mafuriko Yaliyokuja Juani

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, na mwanangu ameota jino, anang'ata kila kitu.

Dada, tumeyashinda mafuriko! Jumanne jua lilikuwa kali, watu wameanika nguo, lakini picha za setilaiti zilionyesha mawingu mazito yametanda kwenye milima unakotoka mto wetu. Nikamwambia mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa kwamba watu wa bondeni wahame.

"Ukikosea tutachekwa," akasema.

"Heri kuchekwa kuliko kuzika."

Akatangaza. Watu wakahama wakinung'unika, isipokuwa Baba. "Kwa jua hili? Setilaiti yako imelewa." Nikamwendea mwenyewe.

"Baba, sikuja kama mtabiri. Nimekuja kama mwanao."

Akabeba cherehani yake, akanifuata akilalamika njia nzima.

Kesho yake maji yakaja, na jua bado linawaka. Nyumba yetu haipo tena, dada. Lakini bonde zima hakufa mtu, hata mmoja! Watu walinibeba juu juu, na Baba sasa anajigamba kila kona: "Mvua humpigia hodi binti yangu kwanza."

Jana alikuja kazini kwangu. Tangu uolewe bila idhini yake hajawahi kukutaja. Akauliza taratibu, "Na huko aliko dada yako, kunaonekana?"

Nikamwonyesha mawingu juu ya mji wenu. Akayatazama kwa muda mrefu.

"Mwandikie," akasema, "asitoke bila mwavuli."

Mdogo wako akupendaye.